Sanaa ya Afrika ilipataje jina hilo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia watu wanapotoka kwenye maonyesho, wanapobishana kuhusu bei ya kinyago, au wanaposoma kwamba sanamu fulani imerudishwa kwao. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali hayalingani kwa uzito.

Kwanza kabisa, "sanaa ya Afrika" ni nini?

Inategemea unauliza mwaka gani, na unamuuliza nani. Ungeuliza Berlin au Paris mwaka 1880, wengi wangekujibu kwamba Afrika haina sanaa, ina vifaa vya makabila. Ungeuliza New York mwaka 1935, ungeambiwa ni vinyago na sanamu za mbao za Afrika Magharibi na Kongo, za zamani, zisizo na jina la aliyezichonga. Ungeuliza Dakar mwaka 1966, ungeambiwa ni urithi wa mtu mweusi popote alipo, pamoja na michoro ambayo rangi yake imekauka juzi. Ukiuliza leo utapewa majibu matano, na mawili kati yake yatagombana.

Ninachoshikilia mimi ni hiki: vitu vyenyewe havikubadilika sana. Aliyebadilika ni mwenye kalamu ya kuandika kibandiko kilicho chini yake, na maswali aliyojali kuuliza kabla ya kuandika.

Je, waliovitengeneza hawakuwa na wazo la sanaa?

Hili ndilo dai linalonichosha kuliko yote: kwamba Mwafrika wa zamani alichonga kwa ajili ya matambiko tu, na uzuri ukaja kugunduliwa na mgeni. Ni kweli kwamba lipiko, kinyago cha Wamakonde cha kuvaliwa kichwani, lilichongwa lichezwe ngomani wakati wa jando, halikuchongwa litundikwe ukutani. Lakini picha nyingi tukufu za Ulaya nazo zilichorwa ziwekwe madhabahuni, na hakuna anayesema kwamba waliozichora hawakujua sanaa ni nini.

Ushahidi upo. Katika miaka ya 1960 Robert Farris Thompson alizunguka vijiji vya Wayoruba akiwaomba watu waliopo wakadirie sanamu na waeleze kwa nini hii inazidi ile. Walimjibu bila kusita. Walizungumzia mikato iliyo wazi, ulaini wa uso wa mbao, uwiano wa viungo, sura inayofanana na mtu bila kupitiliza, na ujana hata pale aliyechongwa ni mzee. Huo ni uhakiki kamili, uliokuwepo kabla ya mtafiti kufika na daftari lake. Na katika mji wa Benin, nchini Nigeria, mafundi wa shaba walikuwa na chama chao kilichomtumikia Oba, yaani mfalme, chenye ngazi na siri za kazi. Mtaa wao wa Igun upo hadi leo na shaba bado inamiminwa hapo.

Dhana yenyewe ilianza lini?

Kama jina la fungu moja linalobeba bara zima, ni mtoto wa karne ya 20. Lakini vitu vilianza kusafiri mapema zaidi. Mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, wafanyabiashara wa Kireno waliagiza kwa wachongaji wa Sapi, katika eneo la Sierra Leone ya leo, vyombo vya pembe za ndovu: vikombe vya chumvi vyenye vifuniko, vijiko, mabaragumu ya kuwindia. Wachongaji walitengeneza kwa kufuata matakwa ya mteja, wakachanganya nembo za Ureno na nyoka, mbwa na watu wa mitindo yao. Ulaya vyombo hivyo viliishia katika makabati ya matajiri, vikipangwa pamoja na makombe ya baharini na mayai ya mbuni. Baada ya miaka, wenye makabati walikuwa wamesahau kabisa vilitoka wapi.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinavunja imani mbili kwa mpigo: kwamba kazi "halisi" ya Afrika haijawahi kumlenga mteja wa nje, na kwamba kuchanganya mitindo ni ugonjwa wa siku hizi.

Kwa nini makumbusho ya Ulaya yaliviweka pamoja na mikuki na vyungu?

Kwa sababu karne ya 19 iligawa makumbusho mara mbili: ya sanaa kwa ajili ya Ulaya, ya ethnografia, yaani ya mila na vifaa vya watu, kwa ajili ya wengine. Trocadéro ya Paris ilianzishwa 1878, Pitt Rivers ya Oxford 1884, na Tervuren ya Ubelgiji ikazaliwa kutokana na maonyesho ya kikoloni ya 1897. Vitu vilipangwa kuonyesha "hatua" za binadamu, na Mwafrika aliwekwa kwenye ngazi za chini. Ndani ya mpangilio huo hakuna haja ya kujua fundi alikuwa nani. Kinachotakiwa ni jina la kabila na matumizi ya kifaa.

Kisha ikaja Februari 1897. Jeshi la Uingereza lilivamia mji wa Benin, likamwondoa Oba Ovonramwen, na kubeba maelfu ya vitu vya shaba, pembe za ndovu na matumbawe. Vingi viliuzwa, na makumbusho ya Ujerumani yalinunua kwa pupa. Felix von Luschan wa Berlin alipovikagua aliandika kwamba ufundi wake wa kumimina shaba unalingana na wa Benvenuto Cellini, mfua dhahabu mashuhuri wa Italia. Yaani kazi ilisifiwa na watu wa nchi zilizokuwa zikiieleza dunia kwamba walioifanya ni washenzi, na kazi ikaendelea kukaa katika makumbusho ya ethnografia.

Je, ni kweli kwamba wasomi walikataa kuamini Waafrika walitengeneza vitu hivyo?

Ndiyo, na si kwa bahati mbaya. Mwaka 1871 Carl Mauch alifika Zimbabwe Kuu akadai kuta zile zinahusiana na Malkia wa Sheba. David Randall-MacIver alichimba 1905 na Gertrude Caton-Thompson 1929, wote wakahitimisha kwamba ni kazi ya Waafrika, lakini serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kulea hadithi ya wageni kwa miaka mingi. Ndege wa jiwe aliyechongwa pale sasa yumo kwenye bendera ya Zimbabwe.

Mwaka 1910 Leo Frobenius aliona vichwa vya udongo na shaba huko Ife, Nigeria. Sura zile zilikuwa za utulivu na uwiano wa ajabu, naye akaamua kwamba ni masalia ya Atlantis, nchi ya kale ya hadithini, na Wagiriki. Mwaka 1938, watu waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba karibu na kasri la Ife walikutana na vichwa vingine vya shaba. Mwaka huohuo, huko Igbo-Ukwu, mtu aliyekuwa akichimba shimo la maji nyumbani kwake alifukua vyombo vya shaba ambavyo uchimbaji wa Thurstan Shaw baadaye ulivihusisha na karne ya 9. Ukiongeza sanamu za udongo za Nok, zilizoanza kujitokeza kwenye machimbo ya bati mwaka 1928 na ambazo umri wake unapita miaka 2,000, hadithi ya Wagiriki ilikosa pa kusimama. Wazo la sanaa ya Afrika lilianza kupata historia, lilipokuwa awali na makabila tu.

Picasso alichukua nini hasa?

Alichukua umbo na kuacha mengine. Mwaka 1907 alitembelea Trocadéro, na mwaka huohuo akakamilisha mchoro wa wanawake watano ambao nyuso za wawili upande wa kulia zinakumbusha vinyago. Kabla yake Maurice de Vlaminck, André Derain na Henri Matisse walikwisha kununua na kubadilishana sanamu na vinyago kutoka Afrika. Walichoona ni jawabu la tatizo lao wenyewe: namna ya kujenga mwili kwa mafungu makubwa bila kuiga kile jicho linachoona. Jarida moja la Ufaransa lilipomuuliza Picasso mwaka 1920 kuhusu sanaa ya watu weusi, alijibu kwamba haijui. Mjanja.

Hata hivyo, kundi hilo ndilo lililokitoa kinyago kwenye kabati la mikuki na kukipandisha juu ya kibao peke yake, taa ikimulika. Carl Einstein alichapisha mwaka 1915 kitabu kilichozichambua sanamu za Afrika kama uchongaji, bila ngano za makabila. Alfred Stieglitz alizionyesha New York 1914 katika jumba lake la sanaa. Mwaka 1935 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya jiji hilo yalifanya maonyesho ya vitu karibu 600, na Walker Evans akavipiga picha. Baadhi ya seti za picha hizo zilipelekwa vyuo vya Wamarekani weusi, ambako mwanafalsafa Alain Locke alikuwa amekwisha kuhimiza wasanii vijana waangalie kazi za mababu kama shule yao wenyewe.

Hapa ndipo dhana tunayoijua ilipozaliwa, pamoja na kasoro zake. Sanaa ya Afrika ikawa mbao, kinyago, msitu, zamani. Rangi, mavazi, ngoma na nyimbo zilizokuwa sehemu ya kinyago zilivuliwa, kikabaki kichwa kitupu ukutani.

Mbona kazi nyingi zimeandikwa "msanii hajulikani"?

Kwa sababu aliyenunua au aliyepora hakuuliza. Kutojulikana kule kulitengenezwa sokoni.

Mchukue Olowe wa Ise, mchongaji wa Kiyoruba aliyefariki mwaka 1938. Alichonga milango ya kasri la Ikere, yenye mtawala wa Kiingereza akiwa amebebwa na wapagazi na Ogoga, mfalme wa Ikere, akiwa ameketi kumpokea. Watu wamechongwa wakichomoza kutoka kwenye ubao hivi kwamba karibu wasimame wenyewe. Milango ilionyeshwa London mwaka 1924, kwenye maonyesho ya himaya huko Wembley, na British Museum ikaitaka. Ogoga hakukubali kuiuza. Aliibadilisha kwa kiti cha enzi kilichotengenezwa Uingereza. Wageni wa Wembley hawakuelezwa nani aliyeichonga, ilhali kwao Olowe alikuwa na sifa zake zilizotungiwa majigambo, ambayo mmoja wa wajane wake aliyatamka kwa mtafiti miaka ya 1980, nusu karne baada ya kifo chake. Jina lilikuwepo siku zote, ila kwa mdomo na kwa Kiyoruba, mahali ambapo waandishi wa orodha za makumbusho hawakutafuta.

Katika miaka ya 1930 na 1940 Frans Olbrechts alijaribu njia nyingine kwa kazi za Waluba wa Kongo. Alilinganisha viti na sanamu zenye nyuso ndefu za huzuni, akaonyesha kwamba zinatoka mkono mmoja au karakana moja, akampa mchongaji huyo jina la kijiji cha Buli. Si jina lake, lakini ni afadhali kuliko jina la kabila. Maana mazoea ya "kabila moja, mtindo mmoja" yalimfanya kila mchongaji aonekane kama mashine ya kabila lake, jambo ambalo Sidney Kasfir alilipinga kwa ukali katika maandishi yake ya 1984.

Na wengine walikuwa wakitia saini zamani mno. Fre Seyon, mchoraji wa Ethiopia wa karne ya 15, aliandika jina lake kwenye mchoro wa Mariamu. Mbona yeye hamkumbuki? Jibu linaingia swali linalofuata.

Kwa nini Misri, Ethiopia na pwani ya Waswahili hazikuhesabiwa?

Kwa sababu hazikuingia kwenye picha ya msitu. Mwanafalsafa Mjerumani Hegel, katika mihadhara yake ya karne ya 19, aliigawa Afrika vipande vitatu na kuitoa Misri nje ya ile aliyoiita Afrika yenyewe. Makumbusho yalifuata mkasi huohuo. Misri ilikwenda idara ya mambo ya kale, Afrika Kaskazini idara ya Uislamu, Ethiopia ikaachwa kwa wataalamu wa Ukristo wa mashariki. Kilichobaki kiliitwa Afrika.

Waswahili waliumia pande zote. Mlango wa Zanzibar au Lamu wenye maua na minyororo ya kuchongwa ulihesabiwa kuwa wa Kiarabu au wa Kihindi. Siwa, yaani baragumu kubwa, ya Pate ya pembe za ndovu na siwa ya Lamu ya shaba, ambazo mlio wake ulitangaza sherehe za watawala, hazikufanana na kitu ambacho mkusanyaji wa Paris alikuwa akikitafuta. Kiti cha enzi chenye mapambo ya pembe kilionekana cha kigeni mno. Misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa rangi huko Siyu, kisiwani Pate, haikumjia akilini mtu yeyote aliyekuwa akiorodhesha sanaa ya Afrika. Kosa la sanaa hii ya pwani lilikuwa kwamba ina maandishi, ina Uislamu, na ina bahari nzima ya jamaa upande wa pili.

Ukuta huo umeanza kubomoka. Mwaka 1995 maonyesho makubwa ya Royal Academy jijini London yaliweka Misri na Afrika Kaskazini pamoja na bara zima. Mwaka 2017 maonyesho kuhusu sanaa za Waswahili na Bahari ya Hindi yalifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, kisha yakaenda makumbusho ya taifa ya sanaa ya Afrika jijini Washington. Kwa maoni yangu badiliko hili ni zito kuliko la Picasso, ingawa halizungumzwi hata robo yake, kwa kuwa linagusa mipaka ya neno Afrika lenyewe.

Uhuru ulibadilisha nini?

Ulimtoa msanii kwenye kabila ukamwingiza kwenye taifa, na hilo lilikuja na mizigo yake.

Maandalizi yalianza shuleni. Aina Onabolu alikuwa akichora picha za watu kwa rangi za mafuta mjini Lagos tangu mwanzo wa karne ya 20, akikusudia kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza. Upande wa Mashariki, Margaret Trowell alianza kufundisha Makerere mwaka 1937. Alisimulia habari kwa maneno na kuwaacha wanafunzi wachore wanachokiona kichwani, kwa kuhofia kwamba mifano ya Ulaya ingewaharibu. Wazo zuri lenye dharau kidogo ndani yake. Lakini ndiko walikotokea Sam Ntiro wa Tanzania, Gregory Maloba aliyechonga mnara wa uhuru wa Kampala, na Elimo Njau aliyeanzisha jumba la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965.

Nigeria, wanafunzi wa sanaa wa Zaria waliunda chama chao mwaka 1958. Uche Okeke akatangaza kwamba msanii mpya atachagua mwenyewe cha kuchukua kwa wazee na cha kuchukua kwa wageni. Sudan, Ibrahim El-Salahi alifanya hivyo kwa herufi za Kiarabu hadi zikageuka kuwa nyuso na ndege.

Serikali nazo zilifanya sherehe. Dakar mwaka 1966, chini ya Rais Léopold Sédar Senghor, vinyago vya kale vilionyeshwa katika tamasha moja na michoro ya walio hai. Lagos mwaka 1977, tamasha la FESTAC lilichukua kama nembo kinyago cha pembe cha Malkia Idia kilichoporwa 1897. Nigeria iliomba kukiazima, British Museum ikakataa, na mchongaji wa Benin akatengeneza nakala. Kukataliwa huko kuliamsha mjadala kuliko ambavyo kukubaliwa kungeamsha.

Tingatinga na vinyago vya mpingo ni sanaa halisi, au ni vitu vya watalii?

Swali hili huulizwa kwa dharau, kwa hiyo nalijibu kwa urefu kidogo.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi. Alitumia rangi za mafuta za kupakia nyumba na baiskeli juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, akachora wanyama, ndege na watu. Wateja wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, na jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo hadi ukawa na chama na duka lake. Walinzi wa usafi wa sanaa walikereka: hauna umri, hauna matambiko, unauzwa.

Vinyago vya Wamakonde vina kisa kinachofanana. Wachongaji waliovuka kutoka Msumbiji walikutana na soko la Dar es Salaam na dalali Mohamed Peera. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianzisha sanamu za mashetani zilizopindapinda, na Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayehusishwa na dimoongo, nguzo ya watu waliopandana, ambayo siasa za Tanzania baadaye ziliipa jina la ujamaa. Hata mpingo wenyewe, ambao mnunuzi wa leo anaudhania alama ya uasili, ulienea kwa sababu ya soko. Mapiko ya kale yalichongwa kwa mti mwepesi, kwani nani angecheza ngoma amevaa gogo la mpingo kichwani?

Rudi sasa kwa wale wachongaji wa Sapi na vikombe vyao vya chumvi. Nao walimchongea mgeni, kwa agizo, kwa malipo, na leo vikombe hivyo ni fahari ya makumbusho. Kuuzwa si hoja dhidi ya kazi. Hoja ni je, aliyeifanya alikuwa akiwaza, au alikuwa akirudia? Tingatinga yapo ya kuwaza na yapo ya kurudia, na tofauti inaonekana ukisimama dukani dakika tano. George Lilanga alianzia kwenye mashetani ya Kimakonde, akayapeleka kwenye rangi na turubai, na kazi zake zikaonyeshwa mabara kadhaa bila mtu kumuuliza cheti cha kabila.

Je, kila kitu kizuri kilichochongwa ni sanaa? Vipi vigango?

Hapa mimi nasita, na nadhani kusita ni sahihi.

Kigango ni ubao mrefu wenye kichwa cha duara na mapambo ya pembetatu, ambao Wamijikenda, hasa Wagiriama, huusimamisha kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Roho yake inakaa hapo. Watu wanaweza kuhama kijiji, kigango hakihamishwi. Kinaachwa kizeeke na kuliwa na mchwa mahali pake.

Tangu miaka ya 1970 vigango vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa Marekani kama uchongaji maridadi. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama pembeni mwa vigango viwili vya ndugu zake. Baada ya muda mfupi viliibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti alikitambua kimojawapo katika makumbusho ya Marekani, na kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Makumbusho ya Denver yalirudisha 30 mwaka 2019.

Ukikiita kigango sanaa, unakipa heshima na wakati huohuo unampa mwizi sababu. Ndiyo maana baadhi ya jamii hazitaki kabisa vitu vyao viingizwe katika fungu hili, na nadhani wana haki hiyo. Dhana ya sanaa ya Afrika ikikua vizuri itajifunza pia kuacha vitu vingine nje.

Ni lini wasanii walio hai walianza kupewa nafasi?

Mwaka 1989 maonyesho ya Jean-Hubert Martin jijini Paris yaliwaweka wasanii wa mabara yote bega kwa bega, kila mmoja kwa jina lake. Lakini kwa Afrika yalipendelea wale ambao hawakusoma shule za sanaa, kana kwamba shule humpunguzia mtu Uafrika. Lawama zilizofuata zilikuwa na faida. Biashara kubwa ya mawazo ikahamia kwa Waafrika wenyewe: Dakar ikawa na maonyesho yake ya kila miaka miwili, Okwui Enwezor wa Nigeria akaongoza maonyesho makubwa ya Documenta huko Kassel, Ujerumani, mwaka 2002 na yale ya Biennale ya Venice, Italia, mwaka 2015, na Simon Njami akazungusha maonyesho makubwa ya wasanii wa bara zima kuanzia 2004.

Tuzo zilifuata. Angola ilishinda Simba wa Dhahabu wa banda bora la taifa Venice mwaka 2013. El Anatsui, Mghana aliyefundisha Nsukka na anayeshona mapazia makubwa kwa vifuniko vya chupa, alipewa Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha mwaka 2015. Mwaka huohuo Kenya ilipata aibu, kwa kuwa wengi wa wasanii waliotajwa kuiwakilisha hawakuwa Wakenya. Wasanii wa nyumbani walipiga kelele hadi serikali ikajitenga na banda hilo.

Msanii anayeishi New York au London bado ni wa Afrika?

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi, akasomea Marekani, na mwaka 2019 sanamu zake nne zikawekwa mbele ya Metropolitan Museum. Swali lenyewe huulizwa kwa Waafrika tu. Picasso aliishi Ufaransa sehemu kubwa ya maisha yake na Wahispania hawajamwachia.

Kurudishwa kwa vitu kumebadilisha nini katika dhana?

Kumeileta mahakamani na bungeni. Mwaka 2017 Rais Emmanuel Macron alitoa ahadi Ouagadougou. Mwaka 2018 Felwine Sarr na Bénédicte Savoy wakatoa ripoti iliyoonyesha kwamba makusanyo ya umma ya Ufaransa yana takriban vitu 90,000 kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Novemba 2021, vitu 26 vilivyoporwa Abomey mwaka 1892 vilifika Cotonou, nchini Benin, ambayo si ule mji wa Benin wa Nigeria. Mwaka uliofuata vilionyeshwa ikulu pamoja na kazi za wasanii wa leo wa nchi hiyo, na watu wakapanga foleni. Mpangilio ule ulinifurahisha kuliko hotuba zote: kiti cha mfalme na mchoro wa juzi, chini ya paa moja, bila ukuta wa ethnografia katikati.

Ujerumani ilikubali mwaka 2022 kuhamishia umiliki wa shaba za Benin kwa Nigeria. Mwaka 2023 serikali ya Nigeria ikatambua kwamba Oba ndiye mwenyewe. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya walilalamika kwamba vitu vya umma vimegeuka mali ya mtu. Lakini vilitoka kasri la nani?

Bei inaamuliwaje?

Kwa kiasi kikubwa, na orodha ya waliokimiliki. Kinyago kilichopita mkononi mwa msanii maarufu wa Paris hupanda thamani kuliko pacha wake aliyebaki kijijini. Mwaka 2021 wenzi wawili wazee nchini Ufaransa walimuuzia mfanyabiashara kinyago cha Ngil cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Mwaka uliofuata kilinunuliwa mnadani Montpellier kwa euro milioni 4.2. Walishtaki, na Gabon nayo ikaingia ikidai kinyago ni chake. Mahakama ilikataa madai yote Desemba 2023. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnada wa Montpellier haukuusikia msemo huo.

Nianzie wapi nikitaka kuona mwenyewe?

Usianze na vitabu vya picha, vinafunza jicho kupenda mwanga wa studio. Ukiwa Nairobi, Nairobi Gallery ina mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, aliyenunua kazi za Afrika wakati viongozi wenzake wengi walinunua mashamba. Lamu, nenda makumbusho ukaangalie siwa, kisha utembee mitaani kutazama milango. Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa yana kinyago cha Kimakonde kilichoibwa humo mwaka 1984 na kurudishwa na makumbusho ya Geneva mwaka 2010. Na kama una siku mbili zaidi, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ipo wazi kwa yeyote anayeweza kupanda mlima. Kibali na mwongozaji hupatikana Kolo, kwenye ofisi ya mambo ya kale iliyopo kando ya barabara.